Micro: kihariri kimoja cha maandishi kwa Windows, Linux, Mac na simu ya Android

Anayeanza kujifunza kuandika kodi za kompyuta, kutunza seva au kurekebisha kurasa za tovuti hukutana mapema na swali la kihariri. Wengi huelekezwa kwenye VS Code. Ni programu nzuri, lakini laptopu yenye RAM ya GB 4 ikiifungua pamoja na kivinjari chenye vichupo kadhaa huanza kuhema. Notepad++ ni nyepesi ila imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Nano imo karibu kila Linux, lakini vitufe vyake havifanani na vya programu nyingine unazozijua. Vim ina nguvu nyingi, na inamdai mwanafunzi wiki za mwanzo ambazo wengine hawana.

Ninachokipendekeza hapa ni micro. Kiliandikwa na Zachary Yedidia kwa lugha ya Go, toleo lake la kwanza rasmi likatoka 2016, na ni programu huria kwa leseni ya MIT. Programu yote ni faili moja tu. Kifurushi cha kupakua ni megabaiti chache. Hufanya kazi ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, lakini Ctrl-S huhifadhi, Ctrl-C hunakili, Ctrl-V hubandika, Ctrl-Z hutendua, na kipanya kinafanya kazi. Kubwa zaidi ni kwamba kinaendesha sawasawa kwenye Windows, Linux, macOS na Android. Ukishazoea vitufe vyake kwenye kompyuta ya kazini, utavikuta vilevile kwenye simu yako na kwenye seva iliyo ng'ambo. Ujuzi wa kihariri huingia vidoleni polepole, na ni hasara kuuanza upya kila unapobadilisha mashine.

Fuata sehemu ya mfumo wako kwanza, kisha uruke hadi sehemu ya kuanza kuandika.

## Windows

Kwenye Windows 11, na kwenye Windows 10 iliyosasishwa, tayari kuna winget, ambayo kazi yake ni kusakinisha programu kwa amri. Fungua PowerShell au Windows Terminal, uandike:

```
winget install zyedidia.micro
```

Ikimaliza, funga dirisha la terminali na ufungue jipya. Hatua hii watu huiruka, halafu hulalamika kwamba amri haitambuliki. Dirisha la zamani bado halijui kwamba kuna programu mpya. Kisha hakikisha:

```
micro -version
```

Ukiona namba ya toleo, umemaliza. Kama winget haipo, nenda Microsoft Store usasishe App Installer, itakuja nayo. Wanaotumia Scoop au Chocolatey, visakinishi vingine vya amri, wataandika `scoop install micro` au `choco install micro`.

Sasa chukua hali ambayo ni ya kawaida sana: kompyuta ni ya ofisi au ya chuo, na huna ruhusa ya msimamizi. Hapo sakinisha kwa mkono. Fungua ukurasa wa micro kwenye GitHub, tovuti ambako kodi zake huwekwa (zyedidia/micro), ingia sehemu ya matoleo (Releases), upakue faili ya zip ambayo jina lake linaishia na win64. Ifungue, utakuta micro.exe ndani. Tengeneza folda ndani ya jina lako la mtumiaji, tuseme `C:\Users\asha\programu`, uiweke humo. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika environment, uchague "Edit environment variables for your account". Bofya Path, halafu Edit, halafu New, uandike anwani ya folda ile, na ukubali kwa OK mpaka madirisha yote yafungike. Mabadiliko haya ni ya akaunti yako pekee, ndiyo maana hayahitaji nenosiri la msimamizi.

Pendelea Windows Terminal kuliko dirisha jeusi la zamani la cmd. Rangi na kipanya hufanya kazi vizuri zaidi humo. Windows 11 inayo tayari. Wa Windows 10 wataipata bure Microsoft Store.

## Linux

Kwa Ubuntu, Debian, Linux Mint na Raspberry Pi OS:

```
sudo apt update
sudo apt install micro
```

Kwa Fedora ni `sudo dnf install micro`, na kwa Arch au Manjaro ni `sudo pacman -S micro`.

Toleo la Debian na Ubuntu huwa nyuma kidogo ya toleo jipya kabisa. Kwa anayeanza hiyo si hasara. Apt hukuletea masasisho ya usalama pamoja na ya mfumo mzima bila wewe kukumbuka. Ukihitaji toleo jipya, watengenezaji wana hati ya kusakinisha ambayo hujitambulia aina ya mashine yako na kuiacha faili ya micro kwenye folda uliyopo. Miongozo mingi hukuambia uipitishe moja kwa moja kutoka mtandaoni hadi kwenye bash, programu inayotekeleza amri za Linux. Sikushauri. Ipakue, isome, ndipo uiendeshe:

```
mkdir -p ~/.local/bin
cd ~/.local/bin
curl -L -o sakinisha.sh https://getmic.ro
less sakinisha.sh
bash sakinisha.sh
rm sakinisha.sh
```

Ni hati fupi, na hata asiyejua bash vizuri ataona inapakua nini na kutoka wapi. Tabia hiyo ya kusoma kwanza itakulinda siku utakapokutana na hati ya mtu usiyemjua. Kama folda ya `~/.local/bin` haikuwepo kabla, Ubuntu na Debian hazitaitambua mpaka utoke kwenye akaunti yako na kuingia tena.

Kuna jambo moja la Linux ambalo huwachanganya wengi. Unanakili maneno ndani ya micro kwa Ctrl-C, unakwenda kuyabandika kwenye kivinjari, hakuna kitu. Sababu ni kwamba micro huitegemea programu nyingine ndogo kufikia ubao wa kunakili wa mfumo. Kwanza tazama mfumo wako unatumia nini:

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Ikijibu `x11`, sakinisha xclip. Ikijibu `wayland`, sakinisha wl-clipboard:

```
sudo apt install xclip
sudo apt install wl-clipboard
```

Sakinisha mojawapo, funga micro, ufungue tena. Kunakili kutafanya kazi.

## Mac

Aliye na Homebrew, kisakinishi cha programu kwa amri, tayari ataandika `brew install micro` na kuendelea. Asiye nayo afikirie bando kwanza: Homebrew yenyewe hudai zana za Apple za wasanidi programu, ambazo ni mzigo mkubwa wa kupakua, na kuzichukua kwa ajili ya kihariri cha megabaiti chache ni kujitwisha bure. Chukua faili yenyewe kutoka GitHub. Mac zenye chipu ya Apple (M1 na kuendelea) hutumia ile yenye jina macos-arm64. Mac za Intel hutumia ile yenye osx. Ukiwa huna hakika, bofya alama ya tufaha juu kushoto na uchague About This Mac.

```
cd ~/Downloads
tar -xf micro-*-macos-arm64.tar*
sudo mkdir -p /usr/local/bin
sudo mv micro-*/micro /usr/local/bin/
```

Kama kifurushi ulikifungua kwa kubofya mara mbili badala ya kutumia amri ya tar, macOS inaweza kuikataa micro kwa madai kwamba haimjui mtengenezaji. Ondoa alama ya tahadhari hivi:

```
sudo xattr -d com.apple.quarantine /usr/local/bin/micro
```

Fanya hivyo kwa faili uliyoichukua mwenyewe kwenye ukurasa rasmi, si kwa kitu ulichotumiwa WhatsApp.

Mawili ya kukumbuka kwenye Mac. Micro hutumia kitufe cha Control, si Command. Control-S ndiyo huhifadhi. Na ili vitufe vya Alt vifanye kazi kwenye Terminal ya Apple, ingia Settings, Profiles, Keyboard, uweke alama kwenye "Use Option as Meta key". Bila hivyo Option itaandika herufi za ajabu katikati ya kazi yako.

## Simu ya Android

Hapa ndipo micro ilipojipatia nafasi yake kwangu. Vijana wengi wanaotaka kujifunza kodi wana simu, laptopu hawana bado. Simu yenye Android 7 au zaidi inatosha kuanzia.

Sakinisha Termux, programu inayokupa terminali ya Linux ndani ya simu. Ichukue kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android, kwa sababu iliyoko Play Store imepita njia tofauti na haifuatani nayo. Ukishaifungua:

```
pkg update
pkg upgrade
pkg install micro
```

Mwanzoni inaweza kukuuliza maswali kuhusu faili za mipangilio. Bonyeza Enter kukubali chaguo lililopo. Kisha iruhusu ifikie faili za simu:

```
termux-setup-storage
```

Kubali ruhusa inayojitokeza. Sasa folda yako ya vipakuliwa inapatikana kwa `~/storage/downloads`, kwa hiyo utafungua faili hivi:

```
micro ~/storage/downloads/ukurasa.html
```

Kibodi ya simu haina Ctrl. Termux huweka safu ya vitufe vya ziada juu ya kibodi, humo mna CTRL, ALT, ESC na TAB. Gusa CTRL, kisha S, faili imehifadhiwa. Njia nyingine ambayo vidole huizoea haraka ni kitufe cha kupunguza sauti: ukikishikilia, kinakuwa Ctrl. Anayeandika sana atafute kibodi ndogo ya Bluetooth au ya waya wa OTG. Kazi inabadilika kabisa.

Mwenye iPhone atumie programu ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuipa amri) kuingia kwenye seva, na micro aiendeshe huko.

## Kuibeba kwenye flashi

Kwa mwalimu wa kompyuta mwenye chumba cha mashine na intaneti ya kubahatisha, faida ya programu kuwa faili moja inaonekana wazi. Pakua mara moja, nakili kwenye flashi, peleka kwenye kila mashine. Unaweza hata kuiendesha ikiwa humo humo kwenye flashi, pamoja na mipangilio yako, bila kuacha chochote kwenye kompyuta ya watu:

```
E:\micro.exe -config-dir E:\mipangilio zoezi1.py
```

Kwenye Linux, flashi nyingi hazikubali kuendesha programu moja kwa moja. Nakili faili kwenye folda yako ya nyumbani kwanza, kisha uipe ruhusa:

```
cp /media/$USER/FLASHI/micro ~/
chmod +x ~/micro
~/micro zoezi1.py
```

Badilisha FLASHI kwa jina la flashi yako. Kwa mashine za Linux zilizozeeka pakua kifurushi chenye linux64-static katika jina, kwa kuwa hakitegemei maktaba za mfumo uliopo. Kama hujui mashine ni ya biti ngapi, `uname -m` itakujibu: x86_64 ni linux64, aarch64 ni linux-arm64, i686 ni linux32.

## Kuanza kuandika

Kuanzia hapa mfumo si hoja tena. Fungua terminali, uandike:

```
micro barua.txt
```

Faili isipokuwepo itaundwa utakapohifadhi. Chini kabisa kuna mstari wa hali: jina la faili, alama ya + kama kuna mabadiliko ambayo hujahifadhi, mstari na safu uliyopo, aina ya faili, na usimbaji wake (jinsi herufi zinavyohifadhiwa). Andika maneno machache, bonyeza Ctrl-S, kisha Ctrl-Q kutoka. Ukisahau kuhifadhi, itakuuliza. Jibu y au n.

Ukikwama, Ctrl-G hufungua msaada na Ctrl-Q huufunga. Alt-G huonyesha orodha fupi ya vitufe chini ya skrini, na wiki ya kwanza iache pale.

Vitufe ambavyo ningekutaka uvijue kabla ya vingine vyote ni hivi. Ctrl-F hutafuta, ukishabonyeza Enter, Ctrl-N hukupeleka kwenye tokeo linalofuata na Ctrl-P kwenye lililotangulia. Ctrl-K hukata mstari mzima, Ctrl-D huurudufu. Alt na mshale wa juu au wa chini huuhamisha mstari bila kuukata, jambo zuri sana unapopanga orodha. Ctrl-L huuliza namba ya mstari unaotaka kwenda, na ukitaka kufungua faili moja kwa moja kwenye mstari ambao kosa limetajwa, andika `micro +120 faili.py`.

Kisha kuna Alt-N. Chagua neno, tuseme jina la kigezo `jumla`, ubonyeze Alt-N: neno kama hilo linalofuata nalo linachaguliwa, na unapata vielekezi viwili. Bonyeza tena, vinakuwa vitatu. Sasa andika jina jipya, na yote yanabadilika kwa pamoja mbele ya macho yako. Esc hukurudisha kwenye kielekezi kimoja. Kwa kurekebisha jina ndani ya ukurasa mmoja sijaona njia ya haraka kuliko hii, maana unaona kila mahali unapogusa kabla hujagusa.

Ctrl-E hufungua mstari wa amri ndani ya micro. Humo ndimo mlimo na mambo mengi ambayo hayana vitufe. Kwa mfano `vsplit sera.txt` hufungua faili ya pili kando ya ya kwanza, na Ctrl-W hukuhamisha kati yao. Ctrl-T hufungua kichupo kipya, Alt na mkato au nukta huvuka kutoka kichupo kimoja hadi kingine.

## Umeme ukikatika

Sehemu hii naiomba uisome kwa makini, kwa sababu ndiyo sababu yangu kubwa ya pili ya kukipenda kihariri hiki. Micro huweka nakala ya akiba ya kila faili unayoihariri, bila kuombwa. Unapoendelea kuandika, kila baada ya sekunde nane hivi huandika nyingine kwenye folda ya `backups` ndani ya mipangilio yake. Ukifunga faili vizuri, nakala hufutwa. Umeme ukikatika, betri ikiisha au terminali ikifungwa ghafla, nakala hubaki.

Kinachotakiwa ni kuifungua tena faili ileile kwa jina lilelile. Micro itakuambia kwamba imekuta nakala ya akiba na kukuuliza ufanye nini. Andika r, kazi yako inarudi. Andika i kama unataka kuipuuza na kubaki na ile ya mwisho uliyohifadhi.

Ila kuna sharti. Nakala hiyo hutengenezwa kwa faili iliyo na jina. Ukifungua micro tupu na kuandika kurasa tatu bila kuhifadhi hata mara moja, hakuna cha kurejesha. Kwa hiyo jizoeze kuanza na jina, `micro insha.txt`, hata kama bado hujui utaandika nini.

Unaweza pia kuiambia ihifadhi yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Ctrl-E, kisha:

```
set autosave 20
```

Kwa insha, ripoti na mazoezi hiyo ni sawa. Kwenye seva inayohudumia watu usiiweke: faili ya mipangilio iliyohaririwa nusu ikijihifadhi, na huduma ikajiwasha upya wakati huohuo, tovuti inaanguka. Irudishe sifuri kuizima.

## Mipangilio ya kuanza nayo

Mipangilio yote iko kwenye `~/.config/micro/settings.json`. Kwenye Windows ni folda hiyohiyo ya `.config` ndani ya jina lako la mtumiaji. Humo huandikwa yale tu uliyoyabadilisha. Hii hapa inatosha kwa mtu wa kawaida:

```
{
    "savecursor": true,
    "saveundo": true,
    "softwrap": true,
    "wordwrap": true,
    "tabsize": 4
}
```

Ya kwanza hukurudisha mahali ulipoishia ukifungua faili tena. Ya pili huhifadhi historia ya mabadiliko, hata ukifunga leo na kufungua kesho Ctrl-Z bado itatendua ya jana. Mbili zinazofuata huikunja mistari mirefu ionekane yote kwenye skrini bila kulivunja neno katikati. Kwenye simu ni za lazima. Ya mwisho ni upana wa tabo. Rangi zikionekana hafifu kwenye terminali yako, jaribu Ctrl-E kisha `set colorscheme simple`, ambayo hutumia rangi za terminali yenyewe.

Wanaoandika Python wasihangaike na suala la nafasi na tabo. Micro hutambua aina ya faili na kutumia nafasi kwa Python na YAML, tabo kwa Go na Makefile.

## Maandishi ya Kiswahili na alama ya ng'

Kiswahili hakina herufi zenye vikorombwezo vingi, kwa hiyo usimbaji wa UTF-8, ambao micro huutumia daima usipobadilisha, inatosha bila shida. Tatizo moja ni la kwetu hasa. Maandishi yaliyotoka Word mara nyingi huwa na kiapostrofi kilichopinda, na yaliyochapwa kwenye kihariri cha kawaida huwa na kilichonyooka. Kwa macho ng’ombe na ng'ombe ni wale wale. Kwa kompyuta ni maneno mawili. Ukitafuta moja hutaipata nyingine, na orodha ya maneno au kamusi unayoiandaa itakuwa na marudio usiyoyaona.

Utafutaji wa Ctrl-F kwenye micro huelewa ruwaza, kwa hiyo utawapata wote kwa kuandika:

```
ng['’]ombe
```

Kwa sababu hiyohiyo nukta, nyota na mabano vina maana maalumu unapotafuta. Tanguliza mkwaju wa nyuma, kama `\.`, ukitaka nukta yenyewe. Na kusawazisha faili nzima iwe na kiapostrofi kimoja, Ctrl-E kisha:

```
replaceall ’ "'"
```

Tazama matokeo kabla ya kuhifadhi, kwa kuwa alama hiyo iliyopinda pia hutumika kufunga nukuu za mkato mmoja.

## Faili ya Windows inapogoma Linux

Umeandika hati ya bash kwenye Windows, umeipeleka kwenye seva, inakataa na kutaja `bash^M`. Chanzo ni mwisho wa mstari: Windows huweka herufi mbili zisizoonekana, Linux huweka moja. Ifungue faili kwa micro, utazame mstari wa hali chini. Kama pameandikwa dos, Ctrl-E na uandike:

```
setlocal fileformat unix
```

Hifadhi, imekwisha. Kwa tatizo lililowatesa watu wengi kwa saa nyingi, dawa ni mstari mmoja.

## Kwenye seva

Ukiingia seva kwa SSH, micro huendeshwa huko, si kwenye mashine yako. Kwa hiyo Ctrl-C hunakili kwenye ubao wa seva, ambao kwako haupo. Baadhi ya terminali, Windows Terminal ikiwemo, huruhusu maneno kuvuka ukiandika `set clipboard terminal`. Kwingine, kwenye terminali nyingi, shikilia Shift huku ukiburuta kipanya: terminali yako ndiyo itakayochagua maneno, na utayanakili kwa njia yake ya kawaida.

Ukihariri faili ya mfumo bila kuwa msimamizi, micro haitakutupa nje. Utakapobonyeza Ctrl-S itakuuliza kama unataka kuhifadhi kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, utaweka nenosiri, na kazi haitapotea. Jihadhari tu na faili kubwa sana. Micro huipakia faili yote kwenye RAM, na kumbukumbu za seva zenye mamia ya megabaiti zitailemea mashine ndogo. Hizo zisome kwa `less`.

Ili programu nyingine nazo ziite micro badala ya nano au vi, ongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`, au `~/.zshrc` kwa Mac:

```
export EDITOR=micro
```

Git, programu ya kutunza historia ya kodi, ina mpangilio wake, nao hufanya kazi Windows pia:

```
git config --global core.editor micro
```

Kuanzia hapo `git commit`, `crontab -e` na `sudoedit` zitakufungulia kihariri unachokijua.

## Kusasisha na kuondoa

Sasisha kwa njia uliyosakinishia: `winget upgrade zyedidia.micro`, `sudo apt upgrade`, `brew upgrade micro`, au `pkg upgrade` kwenye Termux. Uliyeweka faili kwa mkono, pakua mpya uiweke juu ya ya zamani. Mipangilio yako iko kwenye folda nyingine na haiguswi. Kwa kuondoa, tumia `uninstall` mahali pa `install` kwa winget, brew na pkg, na `sudo apt remove micro` kwa Ubuntu na Debian. Faili ya mkono ifute tu. Folda ya `.config/micro` hubaki, na ukihamia kompyuta mpya inakili nzima mahali palepale. Mipangilio yako yote itakuwa imehama nawe.